Uzi: Kutengeneza AR kwa wageni wa makumbusho, tuanzie na mjusi wa Tendaguru

Mleta uzi

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuahidi muda mrefu, leo nimekaa kuuandika. Mimi ni mtengenezaji wa maumbo ya 3D, na kazi iliyonikaa moyoni miaka hii ni kupeleka uhalisia ulioongezwa, ambao wengi tunauita AR, ndani ya makumbusho. Kwa ambaye hajakutana nao: unaelekeza kamera kwenye kitu kilicho mbele yako, kioo cha simu kinakuonyesha kitu hichohicho pamoja na jambo lililochorwa juu yake, na mchoro unakaa mahali pake hata ukisogea. Hii siyo ile ya kuvaa miwani mikubwa ukajikuta umehamia dunia nyingine. Hapa unabaki ulipo, na kitu halisi kinabaki mbele yako. Kwangu hilo la pili ndilo kila kitu, na mtaona ninavyolirudia.

Mfano ulionifundisha zaidi uko Berlin, kwenye Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili. Ukumbini amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, Giraffatitan brancai, urefu mita 13.27 kutoka sakafuni. Guinness wameiorodhesha mifupa hiyo kuwa ya dinosauri mrefu kuliko wote waliosimamishwa duniani. Ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 kwenye kilima cha Tendaguru, kama km 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi.

Ukumbi ule ulifungwa kwa ukarabati, ukafunguliwa tena 2007. Studio ya ART+COM ikaweka humo vifaa vilivyoitwa Juraskop. Vimekaa kama zile darubini za kutazamia mandhari, vimesimikwa sakafuni. Mgeni anasogeza jicho, anakizungusha kuelekea kwenye mifupa, na mifupa aliyokuwa akiitazama hivi punde inaanza kujaa: viungo vya ndani, misuli, ngozi. Ukumbi wenyewe unageuka nchi ya miaka milioni 150 iliyopita, mnyama anatembea, kisha anarudi kuwa mifupa.

Mwaka huo 2007 ndio iPhone ya kwanza iliingia sokoni. Hao watu hawakuwa na simu janja za kutegemea, na naamini ndiyo maana walitengeneza kitu kizuri. Mgeni hapakui programu wala hatumii bando. Hasimami na mkono umenyooshwa hadi bega limuume. Na lile tatizo linalotutoa jasho sote, la mashine kujua iko wapi na inatazama wapi, wao walilimaliza kwa chuma na bolti: kifaa hakihami, kinazunguka tu.

Halafu angalia filamu inapoishia. Inakurudisha kwenye mifupa. Mtoto akitoa jicho kwenye darubini, kichwa chake kinainuka juu, kumtafuta yule aliyekuwa anatembea. Huo mwinuko wa kichwa ndio kipimo changu cha AR ya makumbusho. Mgeni akimaliza akatazama kitu, umefaulu. Akimaliza akaendelea kutazama simu, umemuibia safari yake.

Lakini kuna jambo Juraskop haikuonyesha. Imeweka nyama juu ya mifupa, haijaweka watu. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, miaka michache tu baada ya Vita vya Majimaji kuichoma kusini yote. Wachimbaji walikuwa mamia. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Jina lake limo kwenye elimu ya dinosauri leo: mwaka huohuo 2007 mnyama mwingine wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Na mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, kwa heshima ya kabila la Wamwera na ya Mohammadi Keranje, mmoja wa watu wa uchimbaji huo.

Kwa hiyo swali ninaloanza nalo kabla sijafungua kompyuta ni hili: hapa mbele ya mgeni, ni nini kisichoonekana? Siyo nini kinaweza kurukaruka. Nini hakipo, na kwa nini hakipo. Karibuni, nitarudi na habari za kazi yangu mwenyewe.

Koda wa Kinondoni

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Tiririka. Ila usiishie Berlin, tuambie ya huku kwetu kwenye simu za laki mbili.

Mleta uzi

Nakuja huko huko, Koda.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye makumbusho madogo ya mkoani. Walikuwa na kabati la kioo lenye vipande vya kewa, yale mabomba ya udongo yanayopeleka upepo wa mivukuto motoni wakati wa kuyeyusha chuma, pamoja na mabonge ya mavi ya chuma, yaani taka zinazobaki chuma kikishayeyushwa. Nilikaa pale siku mbili nikitazama wageni tu. Karibu wote walipita. Kwa macho ya mpita njia ni vigae na mawe meusi, basi. Nikasema hapa ndipo: kisichoonekana ni tanuri lenyewe, moto, na wale watu wawili wanaopiga mivukuto kwa zamu usiku kucha.

Nikatengeneza tanuri zima. Lilikuwa zuri kwelikweli kwenye kompyuta yangu. Nilipolipeleka kwenye kabati likawa linaelea, linatetemeka, mara limepanda juu ya paa la kabati. Sababu ni kioo. Simu hujua iko wapi kwa kushika pointi: kona, madoa, mahali mwanga unapokutana na giza. Kioo kinaakisi dirisha na watu wanaopita nyuma yako, simu inazishika hizo pointi za uongo na kuzifuata. Ongeza mwanga hafifu. Wahifadhi hawawashi taa kali bila sababu: kwa nguo na karatasi kipimo kinachozingatiwa ni kama luksi 50, ili rangi isife. Kamera ya simu ya bei nafuu kwenye luksi 50 inaona ukungu. Na huwezi kumwambia mhifadhi aongeze taa kwa ajili ya mchoro wako. Kitu cha miaka mia mbili hakiungui ili AR yako ya miaka miwili ionekane vizuri.

Nilichofanya ni kuacha kulitegemea kabati. Nikachapisha picha kwenye ubao mgumu usiong'aa, ukubwa wa karatasi ya A3, yenye michoro mingi ya kona na madoa, nikaiweka mbele ya kabati kwa mlalo, na taa yake ndogo inayomulika ubao tu. Simu inaishika ile picha, tanuri linasimama nyuma yake, na kewa halisi zinabaki zimeonekana katikati. Kutetemeka kukaisha.

Sasa kosa langu kubwa. Siku ya kujaribu alikuja mzee mmoja na wajukuu. Akatazama tanuri langu kwa utulivu, kisha akaniita pembeni, "Mwanangu, kewa umeigeuza." Mimi nilikuwa nimeuelekeza mdomo mpana motoni, kwa sababu uliniingia akilini kama faneli. Akanionyesha kabatini: ncha nyembamba ndiyo imeungua, ndiyo imeshikana na mavi ya chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa ndani. Mdomo mpana ni wa kupokelea mivukuto. Ushahidi ulikuwa mbele yangu siku zote, na nilikuwa nimechora miezi miwili bila kuusoma.

Nilirekebisha usiku uleule. Na nikaongeza jambo ambalo limekuwa sehemu wageni wanaipenda kuliko moto: kabla tanuri halijatokea, simu inauliza, "Tazama kewa. Ncha ipi iliingia motoni?" Mgeni lazima ashushe simu, asogeze uso kwenye kioo, atafute alama ya kuungua. Akichagua ndipo tanuri linawaka. Watu waliokuwa wanapita wakawa wanainama.

Mwalimu wa Historia

Asante kwa andiko hili, mkuu. Nina swali la mtu wa chaki. Mimi napeleka wanafunzi makumbusho kila mwaka. Wanafunzi hawaruhusiwi kuja shule na simu. Nikiwa na watoto 52 na simu moja, tena ya kwangu, hiyo AR ni ya nani? Isije ikawa kitu cha mtalii tu, watoto wetu wakasimama nyuma kumwangalia mzungu anafurahi.

Mleta uzi

Mwalimu, umegusa panaponiuma. Toleo langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo. Darasa likaja, mwalimu akatoa simu, watoto wanne wa mbele wakaona, waliobaki wakaanza kusukumana. Nililala na aibu.

Ndipo nikarudi kuiwaza Juraskop. Tukaweka kishikwambi kwenye nguzo ya chuma inayozunguka, kimefungwa na bolti, na waya mmoja unaopeleka picha kwenye TV ya ukutani. Mtoto mmoja anazungusha, darasa zima linaona kwenye TV na kumwelekeza: "Kulia! Juu! Rudi!" Sikupanga iwe hivyo, lakini kelele ile ndiyo somo. Wanabishana ncha ipi iliingia motoni, wanapiga kura kwa mikono, wanatuma mjumbe akachungulie kabatini. Simu ya mtu mmoja mmoja haiwezi kuleta hilo.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniita kwa kazi ya makumbusho, naanza na kundi la shule. Mtalii mwenye simu yake nzuri atajipata tu. Na msisahau walimu wengi wana vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Jaribuni kazi zenu kwenye vifaa hivyo, si kwenye simu ya mkubwa wa mradi.

Koda wa Kinondoni

Hapo kwenye vifaa ngoja niongezee, maana vijana wengi wanaanguka hapa. AR ile ya kushika sakafu na kuta kwenye Android inapita ARCore, mfumo wa AR wa Google, na Google huidhinisha aina moja moja ya simu. Simu nyingi za bei ya chini hazimo kwenye orodha. Ile ya kushika picha iliyochapishwa, kama alivyofanya mleta uzi, inaweza kuendeshwa ndani ya kivinjari kwa programu za MindAR au AR.js, zote ni za bure na msimbo wake uko wazi. Inataka kamera ya kawaida na kivinjari tu.

Mtego ni huu. Mnaweka seva ndogo ndani ya makumbusho na waifai yake, ili mgeni asitumie bando. Wazo zuri. Siku ya uzinduzi kamera haifunguki. Kivinjari hakimpi mtu kamera kama anwani siyo ya https, na seva ya ndani isiyo na cheti kinachotambulika, yaani uthibitisho wa kidijitali kwamba tovuti ni ya kweli, inakataliwa. Nunueni jina la tovuti la kweli, chukueni cheti chake, halafu ruta ya ndani ielekeze jina hilo kwenye seva yenu. Na mtu apewe kwa maandishi jukumu la kukihuisha cheti. Vile vya bure vya Let's Encrypt haviishi zaidi ya siku 90, na nimeona kazi nzuri ikizimika hivyo, wahusika wakidhani ruta imeungua.

Mleta uzi

Koda, hilo la cheti ningelipata mapema ningeokoa wiki nzima. Nami niongeze la uzito: tanuri langu lilianza na MB 48. Nikashusha picha za ngozi ya modeli kutoka pikseli 4096 hadi 1024, nikabana umbo kwa Draco, zana ya kupunguza uzito wa maumbo ya 3D, likafika MB 3. Wageni hawakuona tofauti yoyote. Aliyeona ni mimi, mchoraji, na ilinibidi nikubali.

Na kuhusu kuzimika, kuna funzo la Detroit. Detroit Institute of Arts walizindua Januari 2017 ziara iliyoitwa Lumin. Mgeni aliazimwa simu, akiielekeza kwenye maiti ya Misri iliyokaushwa anaona mifupa iliyo ndani ya vitambaa. Akiielekeza kwenye kipande cha ukuta wa Babeli kutoka Lango la Ishtar, analiona lango zima. Uchaguzi mzuri sana wa visivyoonekana. Ila ilijengwa juu ya Tango, teknolojia ya Google iliyohitaji simu maalumu, na Google wakaifunga Machi 2018. Miezi kumi na minne. Sisi ambao bajeti yetu inapatikana mara moja kwa miaka kumi hatuwezi kubeba hasara hiyo. Hifadhini mafaili ya asili kwenye muundo ulio wazi, glTF, na sauti na maandishi pembeni, ili vyombo vikibadilika hadithi isipotee.

Dada Mhifadhi

Habari zenu. Mimi nafanya kazi upande wa mikusanyo, na nina hofu moja. Mkichora, watu wanaamini. Rangi ya ngozi ya huyo mjusi mmeitoa wapi? Sisi tukiandika kibao tunaweka "huenda". Picha haina "huenda".

Mleta uzi

Dada, hoja hii ningeomba kila mchoraji aibandike ukutani. Ngozi ya Giraffatitan hatuijui rangi. Unene wa misuli ni hesabu kutoka kwenye mifupa na kwa wanyama walio hai. Watu wa fani hii waliandika Mkataba wa London, toleo la kwanza 2006 na jingine 2009, na kiini chake ni kwamba anayechora mambo ya kale kwa kompyuta aonyeshe wazi kipi ni ushahidi na kipi ni dhana, na aandike alivyofikia.

Mimi nafanya hivi: kilichopo kabatini kinabaki na sura yake kamili. Kilichothibitika nakichora kwa rangi. Ninachodhani nakiacha mistari tu, kama mchoro wa penseli. Tanuri langu kwa sasa lina chini yenye rangi na juu yenye penseli, kwa sababu hakuna kilichobaki cha juu. Mtoto akaniuliza kwa nini hukumaliza kuchora. Nikamwambia hakuna ajuaye. Akasema, "Kwa hiyo mnatafuta bado?" Ndiyo, tunatafuta bado.

Nikiulizwa pa kuanzia hapa nchini, kwangu ni Laetoli. Nyayo za miaka milioni 3.66, watu wa kale waliotembea juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Zilifukuliwa miaka ya 1978 na 1979, mstari wa mita kama 27, kisha zikafukiwa tena ili zisiharibike. Kufukiwa ni sawa kabisa. Lakini maana yake mgeni anafika Ngorongoro na hawezi kuziona. Hapa AR haishindani na kitu chochote. Weka nyayo sakafuni kwa ukubwa wake halisi, mtoto avue kiatu aweke mguu pembeni. Ndogo zaidi zina urefu wa takriban sm 18. Zile nyingine zilizotangazwa 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wa Italia, kubwa yake inafika sm 26. Huhitaji mnyama anayenguruma wala muziki. Nyayo, na mguu wa mtoto.

Tahadhari ndogo tu: anayetazama simu hurudi nyuma bila kutazama. Kazi za sakafuni zisikae karibu na ngazi.

Mwana Lindi

Nimesoma uzi wote kimya. Mimi nimekulia Lindi. Mjusi nimemjua kwa picha ya kitabuni. Niseme kinachonikaa kooni: naogopa AR itakuwa jibu la kutunyamazisha. "Mifupa ibaki huko, ninyi tutawatumia ya kwenye simu." Mtatutengenezea kivuli, halafu tutaambiwa tumerudishiwa.

Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu yako ni yangu pia, na sitaki kuipooza kwa maneno matamu. Picha si mfupa. Mtu akikuambia ni sawasawa, mkatalie.

Mwaka 2021 Nairobi National Museum ilifanya maonyesho yaliyotokana na kazi ya kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo kwenye makumbusho ya nje, zaidi ya 32,000. Waliweka makabati ya kioo matupu. Tupu kabisa. Ningekuwa mimi, kwa ulevi wa fani yangu, ningeyajaza kwa AR. Nimelifikiria sana na naona wangekuwa wamekosea kunisikiliza. Utupu ule ulikuwa ndio maonyesho. Kuna mahali AR haitakiwi, na mtengenezaji awe na moyo wa kusema hivyo hata kama anakosa kazi.

Kwa Tendaguru nina wazo, wewe ndiye utakayenihukumu. Isiwe ukumbini. Iwe palepale kilimani au uwanjani Lindi mjini, mnyama asimame kwa mistari ya penseli, mita zake zote 13.27, huku anga likionekana katikati ya mbavu. Asiwe na ngozi, asitembee. Kila mfupa unaougusa kwenye kioo unakuambia uko wapi leo: Berlin. Kisha njia ya kwenda bandarini, kwa hatua za wapagazi, na majina yaliyohifadhika yasomwe kwa sauti, Boheti bin Amrani wa kwanza. Sauti iwe ya Kiswahili na Kimwera. Asiyekuwepo aonekane kwamba hayupo. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, lakini kwa mnyama wa ukubwa huu haimhamishi kijiji.

Mwana Lindi

Hapo kwenye mbavu na anga nimekuelewa. Ngozi usiweke. Na sauti ya Kimwera isomwe na mtu wa huku, si wa studio Dar. Lakini kabla ya kuchora, umewahi kuona mita 13 kwa macho? Mimi siwezi hata kuikisia.

Mleta uzi

Sijawahi. Nimeandika namba hiyo mara mia na sijawahi kuiona imesimama. Basi tuanze bila simu. Nije na kamba niliyoipima, tumpate mkwezi apande nayo mnazi, watoto wasimame chini tuone wanavyoinua vichwa. Nikishajua wanasimama umbali gani ili wamwone wote, ndipo nitajua nguzo ya kishikwambi ikae wapi.

Mwana Lindi

Minazi ipo. Mkwezi ni binamu yangu. Ukipanda basi nitumie ujumbe, nitakuwa stendi.